Utangulizi: Kabla ya Kushika Spana

Elimu ninayokuitia inaanza na jicho, pua na sikio. Spana inakuja baadaye sana. Kitabu hiki nimekiandika kwa ajili ya vijana wa gereji za Same, Makanya na kwingineko. Nimewaona wakifungua pampu nzima kwa ustadi wa kupendeza, kumbe pampu haikuwa na kosa lolote.

Nianzie Suji, juu milimani, maana ndipo nilipofundishwa kuuliza. Ilikuwa asubuhi ya Julai, ukungu bado umelala kwenye migomba. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko, pua ikitazama mlimani. Stata ilizungusha vizuri, injini haikuwaka. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kuwa pampu imekufa, na bei ya pampu ilikuwa imemnyima usingizi. Fundi mmoja mzee alikwenda nyuma, akainama kwenye ekzosi, akasema, "Piga tena." Wakapiga. Hakikutoka hata kiwingu cha moshi.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ile ya petroli. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliegemea jambo ambalo kila aliyejaza upepo tairi la baiskeli analifahamu kwa vidole vyake: hewa ikibanwa kwa haraka, inapata moto. Ndani ya 1HZ hewa hubanwa hadi takriban sehemu moja ya 22 ya nafasi yake ya mwanzo. Joto hupanda hadi mamia ya nyuzi, kisha nozeli hupuliza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini inadai hewa, mbano, mzunguko wenye kasi, joto na dizeli iliyofika kwa wakati wake. Kimoja kikipungua, umekwama.

Baridi ya Suji ina hesabu yake hapa. Kubanwa huko huzidisha joto ambalo hewa iliingia nalo, kwa hiyo hewa ikiingia na upungufu wa nyuzi 10, mwisho wa mbano upungufu huwa zaidi ya nyuzi 20. Ndiyo maana gari linalowaka vizuri Makanya, bondeni kwenye joto, linaweza kusumbua likilala huku juu. Betri nayo hulegea kwenye baridi, stata huzunguka kivivu, na hewa inayobanwa polepole hupoteza joto lake kwenye kuta za silinda.

Sasa rudi kwenye moshi. Ukiona moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, dizeli imefika ila haikupata joto la kuiwasha: pima hita plagi (zile za kupasha joto, si za cheche), betri, na mwishowe mbano. Usipoona moshi kabisa, dizeli haijafika, na hapo hata ukinunua hita plagi mpya sita hazitakufaa kitu. Washa swichi bila kupiga stata, utege sikio kwenye pampu. Ukisikia "tik", kifaa cha umeme kinachofungulia dizeli kinafanya kazi. Kimya kikitawala, fuata waya wake kabla ya kumlaumu mtu.

Yule mzee aliisikia "tik". Akafanya kama afanyavyo Mpare maji yanapokosekana shambani: anapanda na mfereji hatua kwa hatua kuelekea ndiva, bwawa la kuhifadhia maji, akitafuta mahali ulipobomoka. Alimuuliza mwenye gari, "Juzi lililala wapi?" Akajibiwa: Makanya, penye tambarare, na asubuhi likawaka. Hapo akatabasamu. Tangi liko nyuma; gari likitazama mlimani, tangi huwa chini na injini juu. Mpira wenye ufa mdogo unaweza usidondoshe hata tone, lakini usiku kucha unaingiza hewa, na dizeli inarudi tangini taratibu. Alichomeka kipande cha mpira angavu kabla ya filta, akapampu kwa mkono. Mapovu yakapita mfululizo, kama maji yanayochemka.

Niseme jambo hapa, na nalisema kwa uchungu. Kwenye injini ya zamani kama hiyo, mafundi hulegeza nati za nozeli ili hewa itoke. Kwenye injini mpya za komoni reli usithubutu. Humo dizeli hukaa kwa mgandamizo unaoweza kupita baa 1,000, ilhali tairi la gari dogo lina baa 2 hivi. Mchirizi wake hupenya ngozi, huacha kitundu kama cha sindano, na mkono unaweza kupotea. Akipatwa mtu, mpeleke hospitali saa ile ile, hata asiposikia maumivu.

Ufa ulikuwa chini ya klipu, karibu na filta, mwembamba kama alama ya ukucha. Mzee alikata ncha ya mpira, akaurudisha, akapampu mpaka kitufe cha pampu ya mkono kikagoma kushuka. Injini ikawaka. Hakuchukua malipo siku ile. Alimwambia mwenye gari aliegeshe palepale, pua ikitazama mlimani, lilale hivyo. Asubuhi alikuja na mswaki mdomoni, akasimama kando, akasubiri. Liliwaka kwa kugeuza ufunguo mara moja, ndipo akataja bei yake.