Unapomlalamikia Wakili, Kesi Yako Hubaki Wapi?

Wakazi wa Ulyankulu, wilayani Kaliua, wanaijua thamani ya karatasi. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1972 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, na wengi wao, pamoja na watoto wao, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mtu aliyesubiri cheti cha namna hiyo hahitaji kufundishwa kwamba karatasi moja yaweza kubeba maisha yake. Hata hivyo, linapozuka shauri la shamba au la mirathi, wapo wanaomkabidhi mtu wasiyemfahamu hati zao zote, na fedha juu yake, kwa kuwa tu amejitambulisha kuwa wakili.

Tuchukue mfano. Mkulima wa tumbaku ameshindwa shauri la mpaka wa shamba katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Malipo ya tumbaku yameingia, naye anamlipa mtu wa Tabora mjini amkatie rufaa Mahakama Kuu. Miezi mitatu inapita, simu haipokelewi. Mkulima anauliza: nimshitaki wapi? Swali hilo ni la haki, lakini lipo jingine linalopaswa kulitangulia: siku zangu za kukata rufaa zimebaki ngapi?

Rufaa kutoka Baraza hilo kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 45 tangu uamuzi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Kumlalamikia wakili hakusimamishi hesabu hiyo hata kwa siku moja. Mlaji hupotea kwa kudhani kwamba chombo kinachomwadhibu wakili ndicho kitakachomrudishia shamba. Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, hupima mwenendo wa wakili. Ikimwona ana hatia, yaweza kumwonya, kumsimamisha kazi kwa muda, au kuamuru jina lake liondolewe katika Orodha ya Mawakili. Mpaka wa shamba hauihusu.

Basi mkulima wetu ana njia mbili, na azishike zote kwa wakati mmoja. Ya kwanza, na ndiyo ya haraka, ni kuiomba Mahakama Kuu imwongezee muda wa kukata rufaa, akieleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Tuseme wazi: uzembe wa wakili peke yake haupokelewi kirahisi kuwa sababu, kwa kuwa mahakama humtarajia mwenye shauri alifuatilie mwenyewe. Kwa hiyo wakili akinyamaza kwa majuma mawili, nenda masjala ya mahakama ukaulize kama kuna kilichosajiliwa kwa jina lako. Njia ya pili ni malalamiko yenyewe.

Lakini huyo aliyelipwa ni wakili kweli? Orodha ya Mawakili hutunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, na kuwamo ndani yake hakutoshi; wakili hana budi kuwa na cheti cha kufanyia kazi kilicho hai kwa mwaka husika. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa intaneti uitwao e-Wakili, ambamo mtu yeyote huweza kutafuta jina la wakili. Asiye na simu ya intaneti aulize mahakamani. Kuuliza si utovu wa adabu, na wakili halali hachukii. Uhakiki huu una uzito kuliko unavyoonekana, kwani Mahakama ya Rufani imepata kuamua kwamba nyaraka zilizowasilishwa na wakili asiye na cheti hai hazina nguvu kisheria. Anayeumia hapo ni mteja.

Akigundulika kuwa ni kishoka, yaani hakuwahi kuwa wakili, shauri lake ni la polisi, kwa maana kujifanya wakili ni kosa la jinai. Ishara moja ya kumtambua imo katika nyaraka zenyewe. Sheria hutaka hati ionyeshe jina na anwani ya aliyeiandaa. Ukikuta pameachwa wazi, au pameandikwa kwamba umeiandaa wewe ilhali umemlipa mwingine, shituka.

Malalamiko kwa Kamati huambatana na kiapo, hivyo andika unayoweza kuyathibitisha: tarehe ya makubaliano, kiasi ulicholipa, kazi uliyoahidiwa. Usiufute ujumbe wa malipo ya simu. Kwa asiyepewa risiti, huo ndio ushahidi wake. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na vyombo vingine vya kutoa haki, kwa hiyo usimlipe mtu kwa sababu tu ya Kiingereza chake. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 watakusaidia kupanga maelezo yako bila malipo, ingawa hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani. Anayejiita msaidizi wa kisheria kisha akadai ada, muulize kwanza cheti chake cha usajili.

Hati halisi zibaki nyumbani. Mpe wakili nakala, na unapolazimika kumkabidhi hati halisi, mwambie aorodheshe alichopokea, aweke tarehe na sahihi, nawe ubaki na karatasi hiyo.