Kabla ya kuvilaumu vitumbua, tazama kikaango

Mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mgonjwa wangu wa kisukari wa siku nyingi, alikuja kliniki na sukari iliyopanda. Nilipomuuliza anakula nini asubuhi, akatazama pembeni. Binti yake ndiye aliyejibu: "Daktari, mama anavila vitumbua jikoni kwa kujificha."

Nilikuwa nimemkataza kwa mwaka mzima. Mama akanigeukia: "Mwanangu, nimepika vitumbua tangu sijaolewa. Leo nikiviacha nile nini, hewa?"

Katazo langu lilikuwa limemfundisha kujificha tu. Basi nikamwomba anieleze anavyovipika. Kumbe kikaango chake ni chepesi, cha alumini, na vitumbua vinagandia humo. Ili vitoke, hujaza kila shimo kijiko kikubwa cha mafuta. Kijiko hicho kimoja kina kalori zaidi ya 100, na kitumbua hunywa sehemu kubwa.

Kwa hiyo leo, msomaji wangu, tuanze na kikaango.

Kizuri ni kile kizito cha chuma. Ukienda kununua, chukua sumaku ndogo. Chuma kitaishika, alumini haitaishika. Uzito unasaidia kwa sababu chuma kinene hutunza moto, kitumbua kikashika rangi chini kabla hakijanywa mafuta. Kikiwa kipya kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta kiasi tu cha kung'aa, kisha kiache kwenye moto hadi kitoe moshi. Rudia mara tatu au nne. Kitakuwa cheusi na laini, na nusu kijiko cha chai cha mafuta kwa kila shimo kitatosha. Usikisugue kwa nyaya wala kukiloweka usiku. Kikipata kutu, anza upya, hakijaharibika.

Kuna wanaoniuliza kama chuma hicho huongeza damu. Ni kweli madini chuma huingia kidogo katika chakula, hasa chenye maji na uchachu kama mchuzi wa nyanya. Kwa vitumbua ni kiasi kidogo mno. Mjamzito asiache vidonge vyake vya kliniki eti kwa kuwa amenunua kikaango.

Linalonitia hofu zaidi ni vikaango na sufuria zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu: vipande vya injini, betri, mabaki ya kila aina. Humo huweza kuwamo madini ya risasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini vya aina hiyo kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo, na takribani theluthi moja vilitoa risasi ya kutosha kuhatarisha afya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, maana risasi hudhuru ubongo unaokua, na huwezi kuiona wala kuionja. Najua mafundi hawa wanatafuta riziki, na sufuria zao ni za bei nafuu. Lakini kama nyumbani una mtoto mdogo, chombo hicho ndicho cha kwanza kubadilisha.

Vile vyeusi visivyogandisha si vibaya, ila usiviache motoni vikiwa vitupu. Vikipita nyuzi 260 za Selsiasi, utando wake huanza kuharibika na kutoa moshi wenye madhara. Changu mwenyewe nilikikwangua kwa uma hadi utando ukabanduka, nikakitupa.

Sasa unga wenyewe. Loweka nusu kilo ya mchele usiku kucha, uchuje, usage na kikombe kimoja na nusu cha tui, iliki na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Usage hadi usiguse chenga kwa vidole. Funika uumuke hadi utoe mapovu. Mama yule alikuwa akitia gramu 200 za sukari kupata vitumbua kama 25, yaani vijiko viwili vya chai katika kila kimoja. Ukila vitatu umefikisha vijiko sita, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asikizidishe kwa siku nzima, na chai hujaigusa. Tulipunguza hadi gramu 100 na kuongeza iliki. Pika kwa moto wa wastani, ugeuze pembeni pakianza kukauka.

Mchele bado ni wanga, na wanga hugeuka sukari mwilini. Kwa mwenye kisukari nasema viwili, na yai au maharage, na chai isiyo na sukari. Baada ya saa mbili apime. Mama anaandika vipimo vyake kwenye daftari la mjukuu, na tumekubaliana kwamba siku akila vinne, aandike vinne.