Je, Wajua? Kisukari Kinavyoingia Chumbani kwa Mwanamke

Je, wajua kuwa madaktari walijua zamani sana kwamba kisukari huwapunguzia wanaume nguvu, lakini wanawake walichelewa mno kuulizwa swali hilohilo? Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Robert Kolodny, alichapisha majibu ya wanawake 125 wenye kisukari na wengine 100 wasio nacho. Kati ya wenye kisukari, 44 hawakufika kileleni hata mara moja katika mwaka uliotangulia. Kwa wasio nacho, walikuwa 6 tu. Kwa wanaume, Viagra iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na leo Dar es Salaam mabango ya nguvu za kiume yamebandikwa hadi kwenye nguzo za umeme. Mwanamke hana bango. Yeye huambiwa amechoka, au amemchoka mume.

Na mwilini kinachoharibika ni kilekile cha mwanamume. Sukari ikikaa juu kwa miaka huumiza mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Mwanamke akipata hamu, damu hujaa kwenye kinembe na kwenye kuta za uke, na majimaji mengi ya kulainisha huchujwa kutoka kwenye damu hiyo, kwa kuwa kuta za uke hazina tezi. Damu isipofika vizuri, uke unabaki mkavu. Mishipa ya fahamu ikidhoofika, mguso unafifia. Kisha huja maumivu, na anayeogopa kuumia huzidi kukauka.

Je, wajua kuwa fangasi wa ukeni wanaorudi kila mara wanaweza kuwa dalili ya kisukari ambacho hakijagunduliwa? Fangasi hustawi penye sukari. Mama anakwenda duka la dawa, anapewa vidonge vya kuweka ukeni, anapata nafuu, halafu muwasho unarudi. Anabadilisha sabuni. Anajiosha kwa ndimu, jambo linalozidi kumchubua. Anaanza kumshuku mume. Tone moja la damu kidoleni, la kupima sukari, lingeweza kumaliza ugomvi huo, na nashangaa kwa nini wauza dawa wengi hawalitaji. Walio kwenye dawa zinazoitoa sukari kupitia mkojo, kama dapagliflozini na empagliflozini, nao hupata fangasi kwa urahisi zaidi. Wamwambie daktari, wasiache dawa kimyakimya.

Si kila kitu ni mishipa. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2009, uliowafuatilia kwa miaka mingi wanawake wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulikuta kwamba sonona ndiyo iliyohusiana zaidi na matatizo yao ya tendo la ndoa. Haishangazi: kujidunga kila siku, kuhesabu kila kijiko cha wali, kuogopa figo na macho, kisha usiku utakiwe uwe na hamu! Na baadhi ya dawa za sonona zenyewe hupunguza hamu, kwa hiyo anayetibiwa aulize kama ipo nyingine.

Je, wajua kuwa jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio wakati wa tendo huenda si mahaba? Sukari ikishuka hutoa dalili hizohizo. Tendo la ndoa ni mazoezi kama mazoezi mengine, na anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kuishiwa sukari katikati. Glukosi au soda ya kawaida, isiyo ya "sukari sifuri", ikae karibu na kitanda, na mwenzi ajue ilipo. Anayetumia metformini peke yake hana hofu kubwa ya hilo.

Kuhusu ukavu, vilainishi vya maji vya famasi husaidia, na kwa aliyekoma hedhi daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Mafuta ya nazi wengi wanayapenda, na ngozi haiyakatai, lakini hudhoofisha mpira wa kondomu ukapasuka.