Alichunguza uhalifu Philadelphia, chuo hakikumpa hata darasa

Mwaka 1896, Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani kilimwita W.E.B. Du Bois achunguze maisha ya watu Weusi wa Philadelphia. Vyeti alikuwa navyo: mwaka uliotangulia alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari Harvard. Kumbe cheo alichoandaliwa ni cha msaidizi tu. Mkataba mfupi, darasa hana, na jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya walimu.

Alihamia Kata ya Saba na mkewe, akapita nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi. Wakati huo wengi waliamini eti Mweusi huzaliwa mhalifu. Kitabu chake cha 1899, The Philadelphia Negro, kilitaja mambo mengine: athari za utumwa, watu kuhamia mjini kwa wingi, kufungiwa ajira na ubaguzi. Leo hoja kama hizi ni za kawaida katika kriminolojia, yaani taaluma ya kuchunguza uhalifu. Ila mara nyingi wanaosifiwa ni wasomi Weupe wa Chicago wa miaka ya 1920.

Ilikuwaje? Pennsylvania haikumbakiza. Mwaka 1897 alikwenda Atlanta, kwenye chuo cha Weusi chenye fedha kiduchu. Na msomi hukumbukwa zaidi akiwa na wanafunzi wa udaktari: wao ndio hunukuu kazi zake na kuzifundisha kwingine. Ukinyimwa nafasi kwenye vyuo vikubwa, mnyororo huo unakatika mapema.

Monroe Work naye yalimkuta ya aina hiyo. Mwaka 1900 alichapisha makala kuhusu uhalifu Chicago, akawa Mweusi wa kwanza kuandika katika American Journal of Sociology. Ajira akaipata kwenye vyuo vya Weusi huko Kusini. Akiwa Tuskegee kuanzia 1908, alikusanya takwimu za watu waliouawa na makundi ya raia bila kufikishwa mahakamani. Wanahistoria wanazitumia hadi leo.

Pennsylvania ilimpa Du Bois uprofesa wa heshima mwaka 2012, miaka 49 baada ya kufariki Accra, Ghana. Miaka minne baadaye, chama cha wanakriminolojia wa Marekani kiliongozwa na msomi Mweusi, Ruth Peterson. Sasa kuna ufadhili wenye jina lake, unaowasaidia wanafunzi wa udaktari kutoka jamii zilizoachwa nyuma.