Kulabu na nyaya za trela: Yanayofaa kuzingatiwa kabla ya gari dogo kuvuta mzigo

MKULIMA wa viazi wa Kibirichia au Timau, Meru, hukabiliwa na swali lile lile linalomsumbua mwenye shamba la maembe huko Mbeere, Embu. Mazao ni mengi kuliko nafasi iliyo nyuma ya gari la nyumbani, lakini si mengi kiasi cha kukodi lori. Jibu la baadhi yao ni trela ndogo ya magurudumu mawili, inayovutwa na gari kama vile Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Subaru Forester au Suzuki Escudo.

Magari hayo, ambayo mengi huingia nchini yakiwa yametumika Japani, kwa kawaida huwasili bila kulabu ya kuvutia trela. Mwenye gari hulazimika kumtafuta fundi, na swali la kwanza huwa ni iwapo injini ina nguvu za kutosha. Kwa kweli, kuvuta si kazi ngumu kwa injini ya lita mbili. Maswali mazito ni mengine: je, kulabu imeshikiliwa na nini? Je, gari litaweza kusimama? Na je, dereva anayefuata nyuma usiku atajuaje kwamba breki zimefungwa?

Maswali hayo yana uzito zaidi katika eneo hili. Barabara kuu ya kutoka Embu hadi Meru hukata mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya, ikiwemo Thuci na Nithi. Dereva huteremka, hukata kona, huvuka daraja, kisha hupanda tena. Mnamo Julai 2022, zaidi ya watu 30 walifariki basi la abiria lilipotumbukia kutoka daraja la Nithi, kaunti ya Tharaka-Nithi. Basi hilo halikuwa likivuta trela, ila mteremko ni ule ule, na mzigo unaosukuma gari kutoka nyuma huzidisha kazi ya breki.

Hesabu ya uzito

Kabla ya kununua chochote, uzito wa trela ukiwa pamoja na mzigo wake unapaswa kujulikana. Kanuni inayofuatwa katika mataifa mengi ni kwamba trela isiyo na breki zake yenyewe isizidi nusu ya uzito wa gari likiwa tupu, na kwa vyovyote vile isizidi kilo 750.

Chukua mfano wa gari la kilo 1,500 na trela ya chuma ambayo ikiwa tupu ina kilo 220. Gunia la viazi kwa mujibu wa sheria halifai kuzidi kilo 50. Magunia 10 ni kilo 500, na jumla ni kilo 720. Gunia la 11 linafikisha kilo 770, na hapo mpaka umevukwa. Anayehitaji kubeba zaidi anafaa kununua trela yenye breki zake, mradi gari limeruhusiwa kuvuta uzito huo.

Kipimo cha mtengenezaji wa gari ndicho cha mwisho, hata kikiwa kidogo kuliko kanuni hiyo. Kwa kuwa kijitabu cha gari lililouzwa Japani huwa kwa Kijapani, takwimu zinaweza kutafutwa katika kijitabu cha modeli hiyo hiyo iliyouzwa Uingereza, Australia au Afrika Kusini, mradi injini na giaboksi ni za aina moja. Baadhi ya magari yenye giaboksi ya mkanda, ambayo haina gia za hatua kwa hatua, yamewekewa kiwango cha chini kwa sababu mafuta ya giaboksi hiyo hupata joto kali linapopanda mlima na mzigo.

Kulabu hushikwa na mwili wa gari

Zamani, magari mengi ya aina hii yalijengwa juu ya chesisi ya vyuma viwili virefu. Suzuki Jimny bado ina chesisi hiyo. RAV4, X-Trail na Forester hazina. Kwa magari hayo, sakafu, mihimili na bodi ni kitu kimoja kilichoundwa kwa mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa. Nguvu ya kuvuta ni sharti ifikishwe kwenye mihimili miwili ya nyuma, wala si kwenye bampa au bati la sakafu pekee.

Kwa sababu hiyo, chuma bora ni kile kilichotengenezewa modeli husika, ambacho hufungwa kwa bolti katika mashimo yaliyopo au mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji. Kuchomelea kipande cha chuma chini ya gari huenda kukaonekana nafuu, lakini joto hudhoofisha mabati na kuunguza rangi inayozuia kutu. Aidha, umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu kompyuta za gari iwapo betri haijatenganishwa.

Kazi yenyewe huanza kwa kuegesha gari mahali tambarare na kuzuia magurudumu yasisogee. Bampa hufunguliwa, mashimo ya mihimili husafishwa matope na kutu, na chuma huinuliwa na watu wawili. Bolti zote hutiwa kwa mkono kwanza bila kukazwa, ili chuma kikae sawa. Kisha hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Bolti ziwe za daraja la 8.8 au la juu zaidi, kama mtengenezaji alivyoagiza, na nambari hiyo huwa imechapwa juu ya kichwa cha bolti. Shimo lolote jipya linalotobolewa hupakwa rangi kabla ya kufungwa.

Tufe la kulabu nalo lina kipimo. Trela nyingi hutumia tufe la milimita 50. Trela iliyoundwa kwa tufe hilo haifai kufungwa kwenye tufe dogo la Kimarekani la takriban milimita 48, kwa kuwa kikombe chake kinaweza kuchomoka gari linaporuka tuta. Tufe lililolika hadi chini ya milimita 49 linapaswa kubadilishwa.

Nyaya saba

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni umeme. Soketi ya kawaida ya trela ina pini saba, na kila pini ina kazi yake. Pini ya 1, yenye waya wa manjano, ni ya indiketa ya kushoto. Ya 2, ya samawati, ni ya taa ya ukungu. Ya 3, nyeupe, ni ya ethi. Ya 4, ya kijani, ni ya indiketa ya kulia. Ya 5, ya kahawia, ni ya taa ya nyuma ya kulia. Ya 6, nyekundu, ni ya breki, na ya 7, nyeusi, ni ya taa ya nyuma ya kushoto.

Njia ya mkato ni kukata nyaya za taa za gari na kuunganisha za trela papo hapo. Hatari yake inaeleweka kwa hesabu ndogo. Balbu moja ya breki hutumia wati 21, yaani karibu ampea 1.75 kwa umeme wa volti 12. Balbu mbili za gari hutumia ampea 3.5. Mbili za trela zikiongezwa, waya ule ule hubeba ampea 7. Waya mwembamba hupata joto, fyuzi huungua, na kwa magari ya kisasa kompyuta inaweza kuzima taa kabisa.

Njia salama ni kutumia kisanduku cha rilei. Nyaya za taa za gari hupeleka ishara tu kwenye kisanduku hicho, ilhali umeme wa kuwasha taa za trela hutoka moja kwa moja kwenye betri kupitia waya mnene na fyuzi yake. Hitilafu ikitokea kwenye trela, taa za gari hubaki zikiwaka.

Waya wa ethi unafaa kufungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ethi ikiwa mbovu, dalili yake ni rahisi kutambua: breki zikikanyagwa, indiketa humulika kwa ufifi au taa zote hupepesa. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha balbu, ilhali tatizo ni kutu katika kiungo kimoja.

Kabla ya safari

Mtu mmoja asimame nyuma ya trela huku mwingine akiwasha taa moja baada ya nyingine, zikiwemo za breki. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela, ili kulabu ikikatika mkono huo udakwe badala ya kuchimba lami. Mzigo mzito uwekwe juu ya ekseli, ukielemea mbele kidogo, kwa kuwa trela iliyolemewa nyuma huanza kuyumba mwendo ukiongezeka. Bolti zote zikaguliwe tena baada ya takriban kilomita 100 za kwanza.

Sheria ya Kenya pia huitambua trela kuwa chombo kinachojitegemea. Husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) na kupewa nambari yake inayoanza na herufi Z. Ni vyema pia kampuni ya bima ijulishwe kwamba gari linavuta trela, kabla ya ajali wala si baada yake.

Kwenye mteremko, dereva achague gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini isaidie kuzuia gari. Anayesubiri hadi breki zianze kunuka ndipo apunguze gia huwa amechelewa, na katika mabonde ya Thuci na Nithi mara nyingi kinachomngoja chini ni kona na daraja.