Kuteremka Rungwe: kutoka ukungu wa Ngosi hadi mchanga wa Matema

Kosta ya kwenda Kyela ikishaiacha Uyole na kuanza kupanda, abiria wenyeji hufunga vioo bila kuambiwa na mtu. Baridi ya Isongole haipigi hodi. Hapo ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, magunia ya viazi yamepangwa kando ya lami, na aliyetoka Dar es Salaam na fulana moja anaanza kulitamani koti la jirani yake. Baada ya hapo gari huteremka tu. Linapita migomba, linapita mashamba ya chai, linapita Tukuyu mjini, na safari inapoishia Kyela, kwenye mita 500 hivi, koti limeshavuliwa zamani na watu wanatafuta kivuli chini ya michikichi.

Teremko hilo ndilo uzuri wa Rungwe, na ndilo wageni wengi wanalolikosa. Wanafika kwa gari la kukodi, wanapiga picha Daraja la Mungu, wanarudi Mbeya kulala. Lakini vivutio vya Rungwe, pamoja na vya Busokelo na Kyela, vyote ni kazi ya moto mmoja uliotoka ardhini, na maji yanayoviunganisha karibu yote yanashuka kwenda Ziwa Nyasa. Anayetaka kuijua nchi hii sawasawa na ayafuate maji, kwa miguu pale inapowezekana, na ajipe siku nne au tano.

Kwanza huo moto. Bonde la Ufa likifika hapa linagawanyika: mkono mmoja unaelekea Rukwa, mwingine Usangu, wa tatu unashuka Nyasa. Kwenye makutano hayo imeota milima mitatu ya volkano, Ngosi, Rungwe na Kiejo. Mlima Rungwe ulilipuka kwa kishindo kikubwa miaka ipatayo 4,000 iliyopita na kumwaga mawe mepesi ya povu ambayo mkulima bado anayafukua kwa jembe. Kiejo ulitema lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, jambo ambalo kwa umri wa milima ni juzi. Na chini ya ardhi shughuli inaendelea. Kuna chemchemi za maji moto, na kuna visima vya asili vya gesi ya ukaa ambayo kampuni ya TOL Gases huivuna na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Povu la soda inayofunguliwa Kariakoo huenda limetoka chini ya migomba ya Wanyakyusa.

Ngosi ndipo pa kuanzia. Ni ziwa lililojaa ndani ya kasoko ya mlima uliolipuka na kubomokea ndani, na kwa kawaida hutajwa kuwa ziwa la kasoko la pili kwa ukubwa Afrika. Njia inaachana na barabara kuu maeneo ya Isongole. Bodaboda hukufikisha karibu na msitu, kisha miguu inachukua zamu. Mwanzo ni mwepesi. Sehemu ya mwisho ndiyo inayopima mapafu, kwa sababu njia inasimama wima, mizizi inakuwa ngazi, na mvua ikiwa imenyesha usiku udongo unateleza vibaya. Viatu vyenye meno ni lazima. Vijana wa kijijini wanaojua njia hupatikana kabla ya msitu. Kubalianeni malipo kabla ya kuondoka, na msiombe punguzo la aibu, kwa kuwa hiyo ndiyo faida pekee ambayo familia nyingi za pale hupata kutokana na ziwa hilo.

Ndani ya msitu ni vizuri kwenda taratibu. Kuna migomba ya porini na mbega weusi kwa weupe juu ya miti, na anayetazama vichaka kwa makini anaweza kumwona kinyonga wa milima ya Poroto, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni kama kifaru mdogo. Kinyonga huyo ana makazi katika milima hii tu. Jina lake la kisayansi, fuelleborni, linamkumbuka Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Kijerumani aliyefanya kazi upande wa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19.

Kisha msitu unakatika ghafla na uko ukingoni. Ziwa liko mamia ya mita chini, limezungukwa na kuta zilizovaa miti hadi majini. Lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi na kina cha zaidi ya mita 70, wala hakuna mto unaotoka. Maji yake yana chumvichumvi kwa sababu yanalishwa na majimaji ya moto kutoka chini, na ndiyo maana wataalamu wa jotoardhi wamekuwa wakiuchunguza mlima huu kwa ajili ya umeme. Wenyeji wana maelezo yao: husimulia habari za nyoka mkubwa anayelibadilisha ziwa rangi, na fedha ambazo Wajerumani walizizamisha humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mtu akikaa ukingoni saa nzima ataiona rangi ikigeuka kweli, kutoka kijani hadi bluu hadi kijivu, kadiri ukungu unavyoingia na kutoka.

Kutoka hapo macho yanauona Mlima Rungwe, mita 2,960, mrefu kuliko wenzake wa volkano wa kusini yote. Kuupanda na kushuka kunakula siku nzima, kwa hiyo watu huondoka alfajiri. Kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, inayosimamia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe. Unaanza na msitu mnene, unaingia mianzi ambako mtu wa mbele huonekana kwa shida, unatokea kwenye nyasi na vichaka vifupi vya baridi. Siku isiyo na mawingu, Ziwa Nyasa linaonekana kule chini.

Mlima huu ndio ulioipa dunia kipunji. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakiongea na wawindaji wa vijiji vya pembeni mwa Rungwe. Wawindaji wakamtaja mnyama wa msituni wanayemwita kipunji. Masimulizi ya huku yana wanyama wa kweli na wanyama wa mizimu, basi watafiti hawakuwa na hakika wanaambiwa habari ya upande gani. Hatimaye wakamwona: tumbili mkubwa wa kahawia, manyoya marefu, kishungi kimesimama kichwani, na mlio ambao ni nusu honi nusu kubweka. Mwaka 2004 timu nyingine ikamkuta katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, na mwaka 2005 habari zake zikatangazwa. Mwaka uliofuata uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ni jenasi mpya kabisa, ya kwanza kwa tumbili wa Afrika tangu 1923. Ikaitwa Rungwecebus. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikadiria wamebaki 1,117 tu.

Vitabu vinasema kipunji aligunduliwa na wanasayansi. Haki ni kuongeza kwamba wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake tayari, na bila wao utafutaji usingeanza. Kumwona leo kunahitaji subira, mwongozaji mzuri na bahati, na mgeni anayeambiwa kuwa hatapata picha ya karibu ameambiwa ukweli.

Sasa maji. Mto Kiwira unashuka kutoka pande hizi kwa nguvu, na njiani umekutana na lava iliyoganda. Mahali pamoja mwamba umeachwa kama upinde juu ya mto, imara, umeota majani, na watu wamekuwa wakivuka juu yake tangu zamani. Hilo ndilo Daraja la Mungu. Liko jirani na Chuo cha Magereza Kiwira, na njia inapita eneo la chuo, hivyo mgeni hujitambulisha kwanza na kufuata maelekezo ya askari kuhusu kamera.

Kilomita chache kutoka hapo kuna Kijungu, na ukilazimika kuchagua, chagua Kijungu. Mto mzima unabanwa katika mlango mwembamba wa mwamba mweusi, unaangukia kwenye shimo la mviringo ambalo maji yenyewe yamelichonga kwa kusaga mawe, unazunguka humo ukitoa povu, unazama chini ya jiwe, kisha unatokea upande wa pili umetulia kama si wewe uliyeuona ukichemka. Simama karibu utahisi mwamba ukitetemeka chini ya nyayo. Mwanya wa juu ni mdogo, na kila kundi la vijana lina mmoja anayedhani anaweza kuuruka. Asiruke. Jiwe lina utelezi, na chungu hicho hakirudishi kinachotumbukia.

Tukuyu mjini ni pa kupumzikia miguu. Wajerumani walihamishia hapa boma lao kutoka ufukweni mwa Nyasa mwanzoni mwa karne ya 20 wakikimbia joto na malaria, wakapaita Neu-Langenburg. Wamoravian walikuwa wamewatangulia: misheni yao chini ya Mlima Rungwe ilianzishwa mwaka 1891. Mvua hapa inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifikishi 600, na hilo linaeleza kila kitu unachokiona: chai ya wakulima wadogo inayokwenda viwanda vya Katumba na Mwakaleli, parachichi, maziwa, na ndizi za kila aina. Kaa mgahawani uagize mbalaga, yaani ndizi za kupikwa, na maharage. Ukisema “ndaga”, asante ya Kinyakyusa, kwa aliyekupakulia, mama huyo atakuuliza umejifunzia wapi, na mazungumzo yataanza.

Kusini mwa mji, barabara ya Masoko inashuka hadi kwenye ziwa ambalo kwa macho ni dogo sana, kasoko ya duara isiyofika kilomita moja kwa upana. Pembeni yake kuna boma la mawe la Wajerumani ambalo baadaye lilifanywa mahakama ya mwanzo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1916, waliposhindwa kustahimili mashambulizi, askari walitupa ziwani silaha na sarafu, na mara kwa mara wenyeji wamewauzia wageni sarafu kuukuu.

Hazina ya uhakika zaidi iko kwenye tope na kwenye samaki. Wanasayansi wa Kifaransa walitoboa tope la chini ya Ziwa Masoko wakapata kumbukumbu ya mvua na ukame ya miaka ipatayo 45,000, tabaka juu ya tabaka. Halafu mwaka 2015 jarida la Science likachapisha utafiti uliofanywa kwa ushirikiano na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, kuhusu samaki wadogo wa jamii ya perege wanaoishi humo. Madume wa maji mafupi ni wa manjano, wa kina kirefu ni wa bluu iliyokoza, na makundi hayo mawili yameanza kuachana ndani ya miaka isiyozidi 1,000. Spishi moja inagawanyika kuwa mbili, ndani ya dimbwi ambalo mtoto wa shule anaweza kulizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Pale ufukweni hakuna cha kumweleza mgeni hata sentensi moja ya haya. Ubao mmoja, wenye Kiswahili kizuri, ungetosha.

Maporomoko ya Kaporogwe yako kusini zaidi. Maji yanaanguka kama mita 40, na nyuma ya pazia hilo kuna pango unaloweza kuingia ukatazama dunia kupitia maji. Ukutani kuna mabaki ya saruji, na wenyeji husema Wajerumani walijificha humo vitani. Utatoka umelowa.

Wenye siku ya ziada wapande Kitulo, uwanda wa juu uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ya kwanza katika tropiki ya Afrika kutengwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Maua huchanua kati ya Novemba na Aprili, zikiwemo okidi za aina 45, zile ambazo viazi vyake vilichimbwa kwa wingi na kuvushwa Zambia kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda.

Mwisho wa teremko ni Matema. Milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja, na maji ya Nyasa ni maangavu kiasi kwamba mtu aliyesimama kiunoni anahesabu vidole vyake vya miguu. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na jioni wachache wao hufika mezani wakiwa wamekaangwa, pamoja na wali wa mchele wa Kyela. Kabla ya kuogelea, waulize wavuvi kuhusu mamba, hasa upande wa mdomo wa Mto Lufilyo.

Panga kuwapo siku ya Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku ya soko la Lyulilo, mwendo mfupi kutoka ufukwe wa Matema. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi, vimefungwa kwa majani makavu visigongane. Huvifinyanga kwa mikono bila gurudumu, hulainisha kuta kwa kokoto, huvipamba kwa udongo wa rangi kabla ya kuvichoma. Gonga chungu kwa kidole kabla ya kununua: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti bubu, na muuzaji hakasiriki ukifanya hivyo.

Anayetaka kwenda mbele zaidi apande meli. MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na mizigo tani 200, husafiri kutoka bandari za Kyela kwenda Mbamba Bay, ikipita vijiji vya pwani ya Ludewa ambavyo vingi vinafikika vizuri zaidi kwa maji. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ni busara kuulizia bandarini siku mbili tatu kabla, na kubeba chakula cha njiani kutoka Kyela.