Diski za seva: jina lipi la kuaminika?



Kuna mwenzetu kaniuliza vipi naziwekea alama diski za seva ninayohifadhia sauti za wazee wetu wa hapa Maskati, waliotoka Unguja na Pemba baada ya 1964. Wengi wao wameshatangulia mbele ya haki, hawarekodiwi tena. Kwa hivyo suala hili si la mchezo.

Linux huziita diski /dev/sda, /dev/sdb na kuendelea. Herufi hizo hazimo ndani ya diski! Kerneli huzigawa mashine inapowaka, kwa kadiri diski zinavyoitika. Ukiongeza moja, au moja ikichelewa kuamka, sdb ya jana leo ni sdc. Ni kama kuwaita watu kwa nafasi walizokalia barazani. Wakipishana tu, umeshapotea.

Basi kwenye /etc/fstab andika UUID, ile namba ndefu inayotiwa ndani ya mfumo wa mafaili pale unapoundwa. Amri ya blkid itakuonesha. Ukitaka jina la kibinadamu ipo e2label, ila ext4 haipokei zaidi ya herufi 16, usitie kasida nzima. Wenye FreeBSD wana glabel. Lakini angalia: ukinakili diski nzima kwa dd, UUID nayo inanakiliwa, unabaki na pacha wawili wenye jina moja. Ile nakala ipe mpya kwa tune2fs -U random kabla hujaiwasha mashine tena.

Sasa, UUID inaisaidia kompyuta, haimwambii fundi achomoe ipi. Hapa ndipo watu hulia. Kwenye RAID 5 ikifa diski moja kazi inaendelea. Ukikosea ukachomoa nzima, safu yote imeanguka. Kinachokusaidia ni namba ya kiwandani, iliyochapwa juu ya diski yenyewe na inayosomeka pia kwa

lsblk -o NAME,SERIAL

Mimi kabla sijaitia diski naandika tarakimu zake nne za mwisho mbele ya trei, kwa kalamu isiyofutika. Karatasi ya gundi kwa joto la huku, hasa kwenye chumba ambacho AC huzimwa usiku, siiamini hata kidogo. Halafu orodha ya namba zote naiweka kwenye daftari, nje ya seva. Kwani diski iliyokufa mara nyingi haiitiki kabisa, huwezi kuiuliza namba yake. Unaziita zilizo hai, unazipigia alama daftarini moja moja, na ile iliyobaki bila alama ndiyo ya kuchomoa.